Ufunguo wa Ua wa Mapipa

Katika umoja wa wafanyabiashara wa ukanda wetu, mkuu wa kazi huvaa ufunguo wa ua shingoni. Havui hata akienda msibani. Tope, ndivyo tulivyomwita, aliuvaa tangu tulipoanza kuzoa mafuta machafu ambayo magereji yalimwaga kijitoni na kuyahifadhi kwenye mapipa uani, mpaka kamba ikamwachia alama shingoni.

Kijito kikatakata, kokoto zikaonekana. Basi mwenyekiti, mama mwenye mashine ya kusaga, akasimama kikaoni akasema kusafisha kumekwisha, sasa ni zamu ya umeme wa jua. Mapipa yatoke uani, paneli ziingie. Mkuu wa kazi awe fundi umeme, mume wa dada yake Tope.

"Hongera, shemeji," Tope akasema, macho yake yakiwa dirishani. "Ufunguo nimeusahau nyumbani."

"Mbona kamba tunaiona?" seremala akauliza.

"Kamba ni ya urembo."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Bila ule ufunguo angekuwa nani? Mtu mwenye mabuti marefu tu.

Asubuhi lori la paneli likakuta geti limefungwa. Tope alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kigoda, anasugua mabuti yasiyo na uchafu. Dada yake akamfuata.

"Kaka, fungua. Paneli zinashinda juani."

"Si ndiyo kazi yake? Ziache ziote jua."

"Kaka."

"Nimezama kwenye uchafu mpaka kiunoni, dada. Mumeo hajalowa hata soksi. Leo wapiga picha wamejaa hapa kwa ajili yake."

"Na wewe ulipigwa picha."

"Nilipigwa nimepakaa oili mpaka kope. Mama yetu mwenyewe alipoiona picha aliuliza huyu ni nani."

"Kwa hiyo unamwonea wivu mume wangu."

"Wivu wa nini? Wa bisibisi?"

Fundi alikuwa anasikia yote. Alichukua msumeno wa chuma akakata kufuli taratibu, kama mtu anayekata kucha. Geti likafunguka. Tope akashika kifua, pale ufunguo wake ulipokuwa umelala chini ya shati, akakaa hivyo hivyo mpaka pipa la mwisho likatolewa.

Ndipo fundi akavuka barabara na kufuli jipya, ufunguo wake mmoja ameshauvaa shingoni.

"Shemeji, hili lina funguo mbili. Paneli zikishika vumbi umeme unapungua, na anayejua kusafisha hapa ni wewe. Shika wako."

Tope akaupokea, akaugeuza huku na huku. Kisha akautazama ule wa shingoni mwa fundi.

"Huo wako unang'aa zaidi."

"Zimetoka pakiti moja, shemeji."

"Basi tubadilishane."

Fundi akavua, wakabadilishana. Tope akauvaa, akaupigapiga kifuani, akapiga hatua kuelekea getini. Halafu akageuka kuutazama ule aliourudisha, sasa uko shingoni mwa mwenzake, umepigwa na jua, unang'aa.

Akasimama pale pale, akiuangalia.