Kijiji Alichokiacha Shekhan

Alaa! Mfiwa haulizwi jambo siku ya mazishi, maana hajijui hajitambui. Huwaida aliulizwa na wifi yake, Radhiya, vitu vya marehemu Shekhan vifanyweje. Akajibu, "Toeni sadaka vyote." Vikatolewa: kanzu, viatu, na kompyuta kuukuu ya mumewe ikapelekwa madrasa iliyo nyuma ya nyumba yao, pale Wiyoni.

Hitima ilipokwisha na watu kutawanyika, ndipo akakumbuka gemu.

Tangu ujanani Shekhan alikuwa na gemu moja tu: unajenga kijiji nyumba kwa nyumba, unawapa watu maji na chakula, wasije wakakuhama. Vijana walimcheka, picha zenyewe viboksiboksi. "Hizo zenu zaonesha kila kitu," akiwajibu, "hii yaniachia nami la kuwaza." Kila baada ya Isha yeye alijenga, Huwaida akaamrisha: kisima weka hapa, usiwabane watu wangu! Hawakujaliwa mtoto; kijiji kile ndicho walichokilea pamoja. Kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya mashine ile, na Huwaida alikitaka kwa kufa na kupona.

"Wifi yangu, nenda madrasa kwa Ustadh Musab, nirudishie kompyuta."

"Sadaka hairudi," akasema Radhiya. "Hujasikia mfano wa mbwa arudiaye matapishi yake?"

Alishausikia. Na kwenda mwenyewe hakuweza, yumo edani. Kutwa akisikia watoto wa madrasa wakisoma upande wa pili wa ukuta, naye akilia. Si kwa msiba, wallahi, kwa hasira.

Siku alipotoka eda alioga, akavaa buibui, akaenda moja kwa moja madrasa, akaeleza haja yake.

"Karibu, Bi Huwaida," akasema Ustadh. "Kuichezea kompyuta si kuirudisha. Keti."

Wasichana wakamfungulia gemu. Lo! Barabara pana, masoko, watu tele. Huwaida akakitafuta kisima chao, asikione.

"Tulikifukia, Bi," akasema mmoja, kwa fahari kabisa. "Zile nyumba kongwe za katikati zilibana ndia. Tumezivunja zote."

Amlaumu nani? Gemu ni ya kuchezwa, ndiyo maana ile haikuchusha miaka yote, na Shekhan angekuwa wa kwanza kuwapongeza watoto hawa. "Mashallah," akasema.

"Cheza nasi, Bi."

Akaweka nyumba moja. Vijitu vikaja mbio na mizigo vichwani, vikigombania mlango, na Huwaida akajikuta anacheka, tena kicheko cha kweli. Akageuka amwoneshe Shekhan.

Ubavuni pake palikuwa na ukuta. Hapo akamlilia mumewe, bila hasira yoyote, mbele ya watoto wa watu.