Mbele ya Bendera

Mama Florentine alikuwa bado anashona namba kwenye shati la mwanawe, na wakimbiaji wengine walikuwa wamekwisha kujipanga mbele ya stesheni.

"Wenzake wanatumia pini, Mama," alisema Lambert, mwalimu wa timu ya reli.

"Pini inamuchoma hata isipomugusa. Acha nishone."

Mwanawe huyo, Banza, mtu mzima tayari, hakumtazama yeyote usoni, na siku nyingine jua lilikuchwa bila yeye kutoa neno. Ila tangu utoto alikimbia kila asubuhi kufuata reli, njia ileile, hadi mtaa wa Katanika. Mji ulimwita mwehu. Lambert aliiona miguu.

"Leo akishinda, reli inamuandika kazi. Nyumba, posho, yote," alisema Lambert.

Florentine alikuwa akitema damu tangu masika. Akifa yeye, ndugu gani angemlea mwanamume anayekataa ugali uliogusana na samaki?

Banza alikimbia. Kwenye daraja la mto Lukuga alikuwa amewaacha wote mbali. Lakini waliporudi mjini, filimbi ililia uwanjani pa shule moja: bendera ilikuwa inapandishwa. Miaka ile, filimbi hiyo ikilia, kila mtu alisimama palepale, hata mwenye baiskeli, hata mwenye mzigo kichwani. Wakimbiaji tu ndio walioruhusiwa kupita asubuhi hiyo. Waliambiwa wote, na Banza aliambiwa.

Alisimama. Mikono ubavuni, kidevu juu.

Kamba ikakwama. Bendera ikagoma nusu ya mlingoti. Wenzake wakampita mmoja baada ya mwingine.

"Kimbia, wee kichwa mbovu!" watu walipaza sauti, nao wamesimama wima, bila kuthubutu kugeuza shingo.

Alifika wa mwisho. Reli ikamchukua kijana wa Kabalo.

"Miguu anayo, Mama," alisema Lambert, macho chini. "Lakini wakubwa nitawaambia nini?"

Florentine ndiye aliyemfundisha kusimama hivyo. Zamani askari walimpiga Banza kwa kupita mbio mbele ya bendera, sikio moja likafa. Basi jioni baada ya jioni mama alipuliza filimbi uani, mpaka kusimama kukamwingia mwanawe mwilini.

Banza alimkaribia, jasho likimtiririka.

"Nilisimama muzuri, Mama?"

"Ulisimama muzuri, papa wangu," alijibu mama, kwa jina la kumbembeleza mwana.

Jioni alimpeleka kwenye mchanga wa ziwa.

"Leo tunajifunza ingine. Ukisikia filimbi, unapita. Umesikia?"

"Unapita," alisema Banza.

Akaondoka mbio. Mama akapuliza. Akasimama.

"Pita, papa! Pita!"

Akarudi mwanzo, akakimbia, filimbi ikalia, akasimama. Tena. Na tena. Kila mara alisema "unapita" kwa sauti safi, kama mtoto anayejibu katekisimu, na kila mara miguu ilikwama palepale. Mwishowe kikohozi kilimkalisha Florentine chini. Alifuta midomo kwa pembe ya kitenge, akaikunja pembe hiyo ndani.

"Kesho tutaendelea," alisema.

Banza alikuwa bado amesimama, kidevu juu, mawimbi yakichimba mchanga chini ya nyayo zake.