Mjomba wa Mwenyekiti

Kuuliza si ujinga, husemwa. Lakini kuuliza huku jibu umeshalimeza, huo ni ujinga unaolipwa mshahara.

Coba alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha usaili, mjini Ghanzi, viatu vya kuazima vikimbana vidole. Akiikosa kazi hii ya kutunza ghala la dawa, atarudi kwenye shamba la ng'ombe alikozaliwa, kwa ujira wa unga na tumbaku. Mwanawe naye.

Ubao wa mlango ulikuwa mwembamba, sauti zikipenya. Alimsikia kijana aliyemtangulia akiulizwa: umeme ukikatika, chanjo utazifanyaje? Kijana alinyamaza. Akanyamaza tena. "Labda nitampigia bosi."

"Huyu anapima kabla ya kusema," alisema mwenyekiti, Rra Mosweu, yaani Bwana Mosweu. "Mnyama wa mwiko wa ukoo wenu, msiyemla, ni yupi?"

"Mamba."

"Ndiye mwiko wa ukoo wa mama yangu! Kumbe naongea na mjomba wangu." Chumba kizima kikacheka.

Ikafika zamu ya Coba. Swali lilelile. Alivuta pumzi, akajibu: jokofu lisifunguliwe, kipimajoto kiangaliwe, joto likipanda chanjo zihamishiwe kwenye kasha la barafu. Ndivyo alivyofanya, akawaambia, katika zahanati ya kwao, hadi ilipofungwa.

"Mbona umesita?" Rra Mosweu aliuliza. "Na mwiko wenu?"

"Sisi Wasarwa, wawindaji wa nyika tangu zamani, hatuna mnyama wa mwiko, Rra."

"Ndiyo maana mnakula kila kitu." Akamgeukia Mma Kelapile, msaili mwenzake. "Na kazi ya kwanza aliitoroka. Hawa ndivyo walivyo. Mvua ikinyesha tu, wamefuata mizizi porini."

"Sikutoroka. Zahanati ilifungwa. Nimeshasema."

"Umesema saa ngapi?"

Coba alimtazama Mma Kelapile. Mama yule alikoroga chai yake.

"Hata mimi ninalokumbuka ni hilo la kutoroka," alisema polepole.

"Mjomba wenu nimemsikia," Coba alisema. "Alinyamaza muda mrefu kuliko mimi, na jibu hakuwa nalo. Yeye mkamwita mwenye kupima."

Rra Mosweu aliweka kalamu chini.

"Binti," Mma Kelapile alisema, "una mtoto. Mpigie mzee magoti, umwombe radhi, nami nikutafutie japo kazi ya kupiga deki. Ukitoka hivi, wilaya nzima itajua una mdomo."

"Mmeuliza, nimejibu," Coba alisema. "Siombi radhi."