Nuhu Bila Gharika

Kazi ya injinia wa bwawa, ukiitazama kwa mbali, ni kukaa. Maji yapo, tuta lipo, naye yupo. Ndivyo kaka yake alivyozoea kumtania: "Dogo, umesoma mpaka macho yameingia ndani, kumbe ulikuwa unasomea kulinda dimbwi!" Injinia alicheka kila mara, kwa kuwa kaka alikuwa na haki ya kumcheka. Wazazi wao walipofariki, kaka ndiye aliyeacha shule akashika jembe ili mdogo wake aendelee na masomo. Hakuwahi kumkumbusha jambo hilo hata siku moja, na kwa sababu hiyo Injinia hakuwahi kulisahau.

Aliishi peke yake katika nyumba ya idara, juu ya kilima. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, na binti zake waliolewa mbali. Meza yake ya chakula ilikuwa na viti pande zote, lakini ni kiti kimoja tu kilichokuwa kimechakaa. Chini ya tuta lilianza bonde, na chini kabisa kando ya mto lilikuwepo shamba la vitunguu la kaka. Kwa darubini ya kazini Injinia aliweza kumwona akipalilia. Kuna jioni alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima, kisha akaona haya na kuirudisha darubini mkobani.

Mwaka huo mvua zilitangulia, na bwawa likajaa karibu na ukingo. Ndipo asubuhi moja taarifa zikaingia kutoka vituo vya juu ya mto: mawingu mazito yalikuwa yanakusanyika milimani, na watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameonya kwamba mvua kubwa ingeanza kesho yake.

Injinia alifunga mlango wa ofisi akapiga hesabu, akaifuta, akaipiga tena. Jibu halikubadilika. Akifungua milango ya bwawa siku hiyo, kidogo kidogo, mto ungepanda taratibu na kufunika mashamba ya chini, basi. Akingoja, na mvua ikaja kama ilivyotabiriwa, bwawa lisingekuwa na mahali pa kuiweka. Ingebidi aifungue milango yote kwa mpigo, na maji yangewakuta watu vyumbani mwao.

Shamba la chini kuliko yote lilikuwa la kaka. Vitunguu vilikuwa vimeshalaza majani, vinangoja kung'olewa tu.

Alimpigia simu mkuu wake mjini.

"Wewe ndiye uliye hapo," mkuu alisema. "Tumia busara."

Injinia alikuwa amekaa kazini vya kutosha kujua tafsiri ya maneno hayo: mambo yakienda vizuri tumefanya sote, yakiharibika umefanya wewe. Alishukuru, akakata simu, akampigia kaka.

"Dogo! Leo umenikumbuka. Dimbwi limekimbia?"

"Kaka, nisikilize. Alasiri nafungua maji. Ng'oeni mnachoweza kung'oa."

Injinia alisikia mbuzi akilia upande wa pili.

"Alasiri ya leo?"

"Ya leo."

"We, unaumwa? Shamba lote lile niling'oe kwa mikono ya nani? Nipe mpaka keshokutwa."

"Keshokutwa mvua itakuwa imeshafika."

"Mvua gani? Toka nje utazame juu. Mbingu nyeupe kama sahani iliyooshwa!"

"Haitanyesha kwetu, Kaka. Itanyesha kule juu, halafu itatujia kwa miguu."

"Na isiponyesha?"

Hilo ndilo swali ambalo Injinia alikuwa amejiuliza asubuhi nzima, na hapakuwa na kitabu alichowahi kusoma kilichokuwa na jibu lake. "Nikisubiri nihakikishe," alisema, "bwawa likijaa halitaniuliza tena. Litajifungulia lenyewe."

"Dogo," sauti ya kaka ilishuka, "mimi sijawahi kukuomba kitu. Au nimewahi?"

"Hujawahi."

"Basi leo nakuomba. Siku moja tu. Leo usiku kucha tutang'oa, hata kwa taa."

Injinia alishika ukingo wa meza. Siku moja. Angeweza kuitoa, na hakuna ambaye angemlaumu. Mkuu mwenyewe alishanawa mikono. Kama mvua ingechelewa kidogo tu, kaka angevuna, bwawa lingetulia, na mambo yangekwisha kwa kicheko. Lakini akayafikiria makao ya watu yaliyo nyuma ya mashamba, vitanda na watoto waliolala juu yake.

"Siwezi, Kaka. Alasiri nafungua."

Simu ilikatwa bila kuaga.

Fundi wa milango, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa jinsi alivyotembea, alikiwasha king'ora, kisha akasimama mbele ya mtambo akikuna kisogo. "Bosi, tukiifungua hii tusipoona mvua, mimi sokoni nitapitia wapi?"

"Utasema ni mimi niliyekuamuru."

"Hilo nitalisema hata wasiponiuliza," alijibu Kobe, akashusha mkono wa mtambo.

Maji yalitoka kwa mngurumo. Injinia alijilazimisha kuchukua darubini. Aliwaona kaka, shemeji yake na majirani wachache wakiwa wameinama, waking'oa na kutupia vitunguu kwenye magunia, wakirudi nyuma tuta kwa tuta kadiri mto ulivyowafuata. Kaka ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Maji yalikuwa yamemfika magotini, na gunia lilikuwa begani.

Mvua haikuja.

Mawingu yalikaa juu ya milima hata ukasikia ngurumo, kisha upepo ukageuka, yakavuka mgongo wa milima na kwenda kumwagika upande wa pili, ambako mito yote inaelekea kwingine. Injinia alikaa dirishani akizitazama radi zilizokuwa zikimulika kwa watu wengine. Alijikuta akiiombea mvua inyeshe kwake, hata kidogo, mara akajistukia. Ni injinia gani huyo anayeomba mafuriko ili aonekane mkweli?

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliirudia, akaipeleka mjini, wataalamu wakaandika kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini bondeni hakuna aliyesoma maneno hayo. Bondeni kulikuwa na tope, harufu ya vitunguu vinavyooza, na jina jipya: Nuhu.

Maji yalipopungua alishuka kwa miguu. Kaka alikuwa shambani peke yake, akichimbua na kutupa. Injinia alisimama kwenye tuta la mwisho lililokauka.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba, Injinia. Habari za kazi?"

Katika maisha yao yote kaka hakuwahi kumwita kwa cheo. Kilimwingia kama mwiba.

"Nimekuja kukupa pole."

"Nimepoa." Kaka aliegemea jembe. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo. "Nikuulize kitu. Ungejua haitanyesha, ungefungua?"

"Nisingefungua."

"Naam. Na kesho wakikuletea taarifa zilezile?"

Injinia aliona wazi mlango uliokuwa ukifunguliwa mbele yake. Kaka alikuwa akimwomba uongo mdogo tu, neno moja la kujutia, kisha wangekaa kwenye tuta na kucheka habari za dimbwi.

"Ningefungua, Kaka."

Kaka alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona haiwezi. Injinia alikunja suruali ashuke amsaidie.

"Acha," kaka alisema kwa upole. "Utachafua viatu. Hapa pamebaki padogo, nitamaliza mwenyewe." Akamgeuzia mgongo, akapiga jembe.

Njia ya kurudi ilipita sokoni. Wanawake waliokuwa wakipepeta nafaka walimwona kwa mbali.

"Nuhu huyo! Safina iko wapi?"

"Baba Nuhu, tuambie basi: kesho tuanike au tusianike?"

Kicheko kikapasuka. Injinia alisimama. Kwa mazoea ya kazi alitazama milimani, akapima upepo kwa shavu, akafikiri kabla ya kujibu, kama vile wamemuuliza kwa dhati.

"Kesho anikeni," alisema. "Keshokutwa sijui."

Akaendelea kupanda kilima, na kicheko kikamsindikiza mpaka kwenye kona.