Mabamba Yanayokula Mtikisiko

Jana usiku niliota mashine yetu ya kusaga mahindi imetoka kazini bila ruhusa. Ilitetemeka mpaka ikavuka barabara, ikapanga foleni zahanati.

Meneja wetu, Lushinge, alikuwa anaandika barua ya kumfukuza shemeji yangu Nyamizi, mwendesha mashine. Barua hiyo alimwahidi kweli juzi, si ndotoni. "Kaitikisa yeye," akasema.

"Muongo mkubwa!" nikamwambia. "Mimi sisahau. Jumanne, mwaka juzi, saa nne asubuhi, umevaa shati la mistari: uliamuru mabamba mawili yanayobeba mota yapakwe grisi katikati, eti yanapiga kelele!"

"Kelele ni utovu wa nidhamu," akajibu, akaendelea kuandika.

Mara tupo darasa la pili. Mabamba yamekaa dawati moja. La juu linachota mtikisiko kwa kijiko.

"Karibu, ndugu," linasema. "Sisi tukisuguana, tunaula mtikisiko. Mkipaka grisi tunateleza tu, chakula kinatupita."

"Na mnashiba?"

"Tunakula huku tunalika." Linafunua tumbo. Limekonda, limejaa vumbi jekundu la chuma.

Boliti inayoyabana inasimama, imeshika suruali isidondoke. "Nilipoyakumbatia yalikuwa manene. Sasa nakumbatia hewa. Nimetoa taarifa miezi minane kwa kugongagonga. Mkaongeza sauti ya redio!"

"Umesikia?" namfokea Lushinge. "Yamechakaa kwa kukubeba wewe, halafu unamfukuza Nyamizi!"

"Imebaki saini tu," anasema kwa upole.

Natafuta spana. Ipo stoo, na ufunguo wa stoo upo mfukoni mwa Lushinge, kama kawaida tangu nimjue. Basi naing'ata nati, naikaza kwa meno.

"Taratibu, ndugu!" bamba linapiga yowe. "Ukitubana tusisogee hata unywele, tutakula nini?"

Nalegeza kidogo. Mtikisiko unaisha. Lushinge anatafuta sababu ya kusaini, haioni. Anaikunja barua, anaitafuna.

Simu ikaniamsha. Alikuwa Nyamizi.

"Shemeji, nani kaja kuikaza mashine? Imetulia kabisa! Lushinge kaniambia niendelee na kazi, wala hanitazami usoni. Ila kwenye nati kuna kitu kimenasa. Kidogo, cheupe."

Nikapitisha ulimi kinywani. Jino la mbele limepungua ncha.