Mkono wa Kisimani na Vyungu vya Damari

Kwenye jalada waliandika wazi: kwa wasomaji wa darasa la nne hadi la saba. Mimi na wifi yangu Damari wajukuu wetu walikuwa darasa la nne. Tukasema basi, na sisi tumo.

Kitabu chenyewe, cha hadithi ya mizimu, nilikinunua Kyela mjini, dukani kwa Bi Nasma, kati ya madaftari na sabuni. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kiliingia kutoka nje, na mizimu nayo ikaingia. Siku hiyohiyo Bi Nasma alinituma nimwambie Damari: masufuria na ndoo za plastiki ndizo zinazotoka, rafu ya vyungu atamwachia mfinyanzi mmoja tu. Anataka vyungu vya kupikia samaki, midomo mipana. Akiridhika, rafu ni ya Damari.

Macho ya Damari hayapatani tena na herufi ndogo, kwa hiyo tuligawana kazi: yeye anafinyanga, mimi nasoma. Mchana kweupe, jua la kijijini kwetu Ikombe likituchoma visogo.

"Usisome kwa sauti hiyo," akasema.

"Sauti gani?"

"Hiyo ya chinichini. Soma kama matangazo ya kanisani."

Nikasoma kama matangazo ya kanisani. Sabrina, yule mtoto wa kitabuni, akavuta kamba ya ndoo. Kamba ikawa nzito. Akachungulia kisimani, na mkono mweupe ukashika ukingo.

"Yesu wangu!" Damari akashtuka.

"Wifi, sisi tunachota ziwani. Huo mkono utatokea wapi?"

"Wewe soma, acha maneno."

Ndivyo tulivyokwenda mpaka oda ikaisha. Kila mzimu ulipojitokeza, vidole vya Damari vilijikunja, na mdomo wa chungu ukajikunja navyo. Macho yangu yalikuwa kitabuni, yake yalikuwa kwangu. Vyungu havikuwa na wa kuvitazama. Tulikuja kuona midomo ilivyobana tukivipanga mtumbwini, vimekwisha kuchomwa, na Bi Nasma anatungoja sokoni Lyulilo.

"Ugonile, dada Damari," akasalimu, maana biashara imemfundisha Kinyakyusa chote cha kununulia. Akachukua chungu, akaingiza mkono. Ukakwama kwenye bangili.

"Samaki wa humu ataingia kwa kupiga hodi?"

"Ni mtindo mpya," Damari akasema.

"Wa wapi?"

"Wa... nje."

Nilicheka mpaka nikakaa mchangani. "Bi Nasma, huo mtindo umetoka dukani kwako!" Nikamtolea kitabu, nikamwonyesha ukurasa wa kisima.

"Hadithi ya watoto!" Akatusikitikia, akaanza kusoma amesimama. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Mtu akapita na kapu la samaki, mkia wa kambale ukamgusa shingoni.

"Audhubillahi!" Kitabu hakikumtoka mkononi, lakini kiatu kimoja kilimtoka.

Alipokivaa akarudi kuwa tajiri wa duka. "Viwili nachukua, vya maji ya kunywa. Vingine rudini navyo. Nawapa Jumamosi mbili. Nisipoona midomo mipana, rafu napanga ndoo. Na hiki kitabu nakaa nacho, kinaharibu kazi."

"Kazi ya nani?" nikamuuliza, maana kidole alikuwa bado amekibana kwenye ukurasa.

Tulikuwa tumebakiza sura moja. Damari alikitazama kitabu kikiingia mkobani kama anayemuaga mtoto anayekwenda bweni. "Chukua," akasema. "Rafu kwanza."

Alifinyanga siku nzima kimya, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe na kaka yake. Mwishowe akashindwa.

"Wifi. Wewe ukibaki peke yako husoma mbele. Nakujua."

"Kidogo."

"Ule mkono ulikuwa wa nani?"

"Panua mdomo huo kwanza."

Akapanua.

"Bado."

"Una roho mbaya, wewe!" Lakini akapanua. Nikampa mwisho wa hadithi kidogokidogo, chungu kwa chungu, na kipande cha mwisho nikakitoa alipomaliza chungu cha mwisho.

Jumamosi ya pili Bi Nasma alizamisha mikono yote miwili, bangili na viwiko. "Hapa sawa. Rafu yako, dada."

"Ndaga fijo," Damari akashukuru, akavuta pumzi.

Bi Nasma akamsogelea, akashusha sauti. "Lakini yule mtoto naye, si angefunika tu kisima?"

"Nilisema!" Damari akaruka. "Nilimwambia wifi hivyohivyo!"

Wakaachana na vyungu, wakaketi kumsema Sabrina. Kupakia nikapakia peke yangu.