Kamba Kwenye Nguzo ya Kivuko

Daraja lilipofunguliwa, pale Kivukoni pantoni iliondoka, ikabakiza mteremko wa zege na nguzo moja ya chuma ukingoni mwa maji, nene kama kinu. Juu yake wavuvi wamekwangua alama za mafuriko, kila masika na mstari wake. Wa juu kabisa aliukwangua marehemu baba yake Agnella, aliyekuwa mfunga kamba wa pantoni.

Asubuhi hiyo Hermenegildi, mnunuzi wa vyuma chakavu, alishuka na mtungi wa gesi ya kukatia chuma na fundi wake, Wiliam wa Katindiuka. Agnella alikuwa ukingoni akiparua samaki na wanawake wenzake. Alimtazama mzee Hermenegildi anavyoigonga nguzo kwa funguo kama anayechagua tikiti maji. Alinawa mikono, akauvuta mtumbwi wake, akaufunga kwenye nguzo mafundo matatu.

"We binti, toa hicho kimtumbwi. Nina kibali, na kina muhuri."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kitoe!"

"Kibali cha kukata nguzo unacho. Cha kufungua mtumbwi wangu kiko wapi?"

Hermenegildi akacheka. "Pantoni imekufa, mnalinda kaburi?"

"Makaburi hayauzwi kwa kilo, baba."

"Wiliam, fungua!"

Wiliam aliitazama kamba, asiiguse. Baba yake ni mvuvi, kambi yake haifikiki ila kwa mtumbwi, na mtoni pale mtumbwi wa mtu haufunguliwi na mwingine, hata kama mmegombana. Anayefungua, hakuna atakayempakia tena.

"Bosi, hiyo mimi siigusi."

"Unaogopa mwanamke?"

"Naogopa kwenda kwa baba kwa kuogelea."

Hermenegildi akakunja suruali, akaingia majini mwenyewe. Fundo la kwanza likamtoa jasho, la pili likamvunja ukucha. Alipomaliza la tatu, Brigitha muuza perege alikuwa ameshafunga mtumbwi wake upande wa pili. "Usichoke, kaka, na wangu huu hapa!" Wanawake wakaangua kicheko, na mitumbwi ikazidi kuja. Agnella naye akaokota kamba yake, akafunga upya. Safari hii mafundo manne.

Jua lilipowaka nguzo ilikuwa haionekani kwa kamba. Wiliam alisharudisha mtungi garini bila kuambiwa.

"Mtakaa hapa mpaka lini?" Hermenegildi akauliza, viatu mkononi.

Agnella alikuwa amerudi kwenye samaki wake.

"Mpaka masika, baba. Tuna mstari wa kukwangua."